Herufi ya Mwisho Kwanza

4 Machi

Kwa Wino Mbichi, mchoraji wa katuni ya Fundi Brashi

Mwanangu,

Nimekuita mwanangu bila kukuomba ruhusa, nivumilie. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye zahanati, na nimewaambia watu wengi mno "kaa hapo mwanangu, daktari anakuja" hadi neno lenyewe limeota mizizi mdomoni. Juzi alikuja askari mwenye jino bovu, ana mvi kunizidi, naye nikamwita mwanangu. Akakaa.

Wiki iliyopita muuguzi wetu, binti asiyejua kucheka kimyakimya, alikuwa anacheka na simu huku foleni imefika mlangoni. Nikamnyang'anya ili nimgombeze vizuri. Nikatupa jicho kuona kilichomchekesha. Kumbe ni Fundi Brashi wako, yuko juu ya ngazi anaandika kibao cha duka, na kwa kuwa anaanzia herufi ya mwisho, watu chini wanabishana duka litakuwa la nini. Mmoja anaapa ni la vitabu, mwingine anaapa ni la vyungu, na mwenye duka anahangaika na maboksi yake ya viatu hakuna anayemsikiliza.

Simu ikanitoka mkononi, ikadunda sakafuni mbele ya wagonjwa wote. Bibi mmoja akaiokota akaniuliza kwa upole, "Ni msiba?" Nikamwambia hapana, ni kicheko kimenizidi. Alinitazama usoni akaona sicheki.

Tangu siku hiyo nimezisoma sehemu zote, toka ya kwanza. Nakusifu, na pia nina malalamiko. Yule paka alipotelea wapi baada ya paa kuvuja? Na kwa nini mke wa Fundi Brashi hana pua? Mwanamke mwenye maneno mengi vile anapumulia wapi?

Lakini maswali yangu hasa ni haya. Fundi Brashi umemtoa wapi? Ni mtu anayetembea duniani, au ni wa kichwani mwako? Jinsi anavyoinamisha bega moja akisikiliza, jinsi anavyoipuliza chai iliyokwisha poa, hayo uliyaona kwa nani? Na yale maneno anayowajibu wateja wakimfokea: "Kuchelewa si dhambi, dhambi ni kufika na kisingizio." Nani alikupa? Nijuavyo mimi maneno hayo yana mwenyewe, na mwenyewe hajawahi kuyaandika popote.

Utaniona mdaku. Sikatai. Lakini hata mdaku huwa na sababu zake. Nijibu tafadhali, hata kwa mistari miwili.

Karani wa Mapokezi


6 Machi

Mama, shikamoo!

Kwanza nimecheka mpaka mwanangu akaja kunipima homa. Barua ninazopata kwa kawaida ni "sehemu mpya lini?" na "mbona umechelewa?" Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za paka. Ukweli ni kwamba nilimsahau. Nilimchora kwenye paa, mvua ikanyesha, nikaanza kuwaza mvua, basi. Nitamrudisha, na nitamfanya anune ili wasomaji wajue hakufurahia.

Mke hana pua kwa sababu mke ni mimi, na pua yangu hatuelewani. Kuchora kuna faida zake.

Umeshajua basi jibu la swali lako. Fundi Brashi ni mume wangu. Yeye ni mwandika mabango kwa mkono, mmoja wa wachache waliobaki, maana siku hizi kila mtu anachapisha tu. Ngazi ile ni ya kweli, kofia ile ni ya kweli, na rangi kwenye mswaki ni ya kweli, usiniulize ilivyofika. Binti yetu yuko chekechea, tunamwita Kidoa kwa sababu hajawahi kumaliza siku bila doa la rangi. Ndiye yule mtoto anayeuliza maswali chini ya ngazi. Mimi nakaa kwenye meza ya jikoni, nasikiliza, nachora. Kazi yangu yote ni wizi wa mchana kweupe.

Nyumbani na mtaani anaitwa Mdogo. Ukimwona utacheka, maana anainama kuingia mlangoni. Siku ya kwanza nilimuuliza jitu kama wewe unaitwaje Mdogo? Akasema, "Ndilo jina nililoachiwa." Nikadhani ni mzaha, nikaupenda. Ndugu hana. Wazazi hajawahi kunisimulia. Nikimbana sana ananiambia, "Mimi nilizaliwa ukubwani." Nimezoea. Kuna watu wana chumba kimoja wasichokifungua, na nyumba inakalika vilevile.

Maneno ya kuchelewa ni yake. Anasema aliyasikia kwa mama mmoja mwenye ulimi mkali, ambaye chakula chake hakikuisha hata wageni wakizidi. Wewe uliyasikia wapi? Labda mama huyo alizunguka sana.

Nilipomwomba nimchore alikataa. Mwishowe akakubali kwa sharti moja tu, asitambulike. Anaona haya kwa wateja. Nilipata ujanja wangu wa kulitimiza, ila hiyo ni siri ya kazi.

Wino Mbichi (na Kidoa, aliyeweka alama ya kidole kwenye kioo cha simu hapa)


7 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda chooni nikafunga mlango nikaisoma tena. Muuguzi akagonga akidhani nimezimia. Nimefurahi, ndivyo nilivyomjibu, na safari hii nilimwambia kweli. Makosa ya uandishi uyasamehe.

Niambie zaidi. Anakula vizuri? Anacheka, au anachekesha wengine tu? Kidoa amefanana na nani? Usinijibu "na babaye" ukaishia hapo, niambie paji la uso, niambie masikio.

Hayo ni ya udaku. Sasa nina swali la katuni. Umemchora Fundi Brashi akishika brashi kwa mkono wa kulia. Sehemu zote, nimekagua. Lakini anaanzia herufi ya mwisho akirudi nyuma. Kwa nini? Mtu wa mkono wa kulia akifanya hivyo, kiganja kinapita juu ya rangi mbichi na kufuta kila anachoandika. Anayenufaika na mtindo huo ni mtu wa mashoto peke yake.

Nalijua hilo kwa sababu nilikuwa na mtoto wa mashoto. Shuleni mkono wake ulikuwa unafagia wino, daftari linakuwa moshi mtupu, na mwalimu akawa anamchapa vidole kwa uchafu. Siku moja akarudi nyumbani anang'aa. Amegundua kwamba akiandika jina lake kuanzia mwisho, mkono unatembea mahali pakavu. Tulicheka, kisha tukamzoea. Hata kwenye marobota ya kazini alikuwa anaandika hivyo. Mwanangu huyo nilimzika. Sijawahi kuona mtu mwingine akifanya hivyo mpaka nilipomwona Fundi Brashi.

Kwa hiyo nauliza: mumeo alijifunza kwa nani? Hakuwa na ndugu kweli? Muulize taratibu. Usimwambie nani anauliza, sema ni msomaji tu.

Kuna mtu niliyemfungia mlango kwa maneno mazito, mwanangu, na niliapa sitaufungua. Siku hizi mbili tatu nimejikuta natafuta ufunguo. Usijali hayo, ni mambo ya uzee.

Karani wa Mapokezi


9 Machi

Mama, umenikamata!

Nimepiga kelele jikoni. Wasomaji wote hao, wengine wananirekebisha hata idadi ya vifungo vya shati, na hakuna aliyeliona hilo. Umeliona wewe, kutoka kwenye dirisha la mapokezi. Ngoja nikupe siri ya kazi, maana umeipata kwa jasho lako.

Sisi wachoraji tuna mtindo wa kuigeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo. Ukitazama mchoro wako mwenyewe kwa muda mrefu, jicho linazoea makosa, linaona kila kitu kiko sawa. Ukiugeuza, kulia kukawa kushoto, makosa yote yanakurukia usoni. Unarekebisha, kisha unaurudisha ulivyokuwa. Mimi Fundi Brashi simrudishi. Huo ndio ujanja wangu wote! Mume wangu alitaka asitambulike, nikamwacha upande wa kioo. Uso wa mtu ukigeuzwa, hata jirani anaona huyu namfahamu lakini siye. Maneno kwenye mabango nayaandika upya ili yasomeke, na kile kichekesho cha herufi ya mwisho nikakiacha kwa sababu nakipenda. Sikufikiria kabisa habari ya mkono kufuta rangi. Nimemgeuza mtu nikasahau kuigeuza kazi yake.

Kwa hiyo jibu ni hili: mume wangu ni mashoto. Mashoto wa kupindukia. Anaandika kwa kushoto, anapiga misumari kwa kushoto, hata Kidoa anamsuka kwa kushoto na nywele zinaelekea zinakotaka. Yeye na mwanao marehemu wangeelewana sana. Wangegombania upande mmoja wa meza.

Nakutumia picha yake akiwa kazini, hii haijageuzwa. Usimwonyeshe mtu, nitaachwa.

Kuhusu ndugu, nilimuuliza jana tukiwa mezani. Nilimwambia kuna msomaji anauliza kama Fundi Brashi alikuwa na ndugu. Akaweka kijiko chini, akatoka nje kuosha brashi. Brashi zilikuwa safi, mama. Nilizisikia zikioshwa muda mrefu.

Kidoa ana paji la uso pana na masikio madogo yaliyolala kichwani. Si yangu na si ya babaye. Tunajiuliza alikoyaokota.

Wino Mbichi


14 Machi

Mama,

Mbona kimya? Kama picha imekuudhi, nisamehe. Kama unaumwa, niambie, ingawa najua uko zahanati na utapona kwa aibu.

Hapa nyumbani kumeharibika kidogo. Mdogo aliuliza huyo msomaji ni nani. Nikamwambia ni karani wa mapokezi, mama mcheshi. Akauliza kama unaandika "mwanangu" hata pasipohitajika. Nikacheka, nikasema ndiyo, umejuaje? Jana aliniomba niifute katuni yote. Sijawahi kumwona akiomba kitu kwa sauti ile.

Nimeogopa, na sijui naogopa nini. Niandikie.

Wino Mbichi


17 Machi

Mkwe wangu,

Isome hiyo salamu tena, kisha utafute kiti. Nimeifuta na kuiandika, nimeifuta na kuiandika, na hakuna nyingine iliyo ya kweli.

Picha niliifungua nikiwa kazini. Sikupiga kelele. Nilitoka nyuma ya dirisha langu, nikaenda kukaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Muuguzi akaja akaniuliza nangoja nini. Sikujua. Alinipeleka nyumbani mwenyewe, na siku zote hizi amekuwa akija kunipikia huku akijilaumu kwa kuwa simu ilikuwa yake.

Mimi ni Mama Pacha. Nilizaa wavulana wawili wa sura moja. Aliyetangulia tulimwita Mkubwa, aliyefuata Mdogo. Walitofautiana mkono tu: Mkubwa mashoto, Mdogo wa kulia. Wakikaa kutazamana ungesema ni mmoja anajitazama kwenye kioo. Mkubwa alipata kazi kiwanda cha magodoro, ya kuandika alama kwenye marobota. Mdogo alikuwa wa vibarua, leo kipo, kesho hakipo.

Kiwanda kiliungua mchana. Nililetewa mwili ambao sikuruhusiwa kuutazama, na kitambulisho cha Mkubwa kilichoyeyuka nusu. Nikamzika Mkubwa. Mdogo alitoweka siku hiyohiyo. Hakuja msibani, hakutupa hata konzi ya udongo juu ya pacha wake. Watu walinong'ona kwamba huzuni imemchanganya akili. Mimi sikunong'ona. Nilisimama kaburini mbele ya wote nikasema, "Mdogo hana mama. Akirudi, mwambieni hivyo." Picha zake nikazitoa ukutani. Jina lake likitajwa, natoka chumbani. Miaka yote hii neno langu nimelishika kwa meno.

Kisha nikamwona Fundi Brashi na brashi mkono wa kulia. Nikajua ni Mdogo, yu hai. Ndiyo maana nilikuandikia kwa kuzungukazunguka. Niliogopa nikijitaja atakimbia tena, na pia nilitaka kujua kama anastahili niyameze maneno yangu. Uliponiambia anaitwa Mdogo, nilianza kuyameza. Nililia chooni kwa furaha. Mwanangu amepata mke mwenye maneno, amepata mtoto, ana ngazi yake. Ile herufi ya mwisho ilinisumbua, lakini nikajiambia ameuiga mtindo wa kaka yake ili amkumbuke.

Ukanijibu, unacheka, kwamba umemgeuza.

Mtu uliye naye ndani ni Mkubwa. Nimemnyonyesha, namjua. Bega lile, mkono ule. Mwanangu niliyemlilia mpaka sauti ikakatika anaosha brashi nyuma ya nyumba yako. Nilitakiwa nifurahi, na nimejaribu. Lakini kila nikianza, swali linanirudia: kama Mkubwa yuko kwako, aliyelala mule kaburini ni nani?

Nalijua jibu. Nilisema hana mama, mkwe wangu, nami nimesimama juu yake.

Sikulaumu wewe kwa lolote. Mpe simu asome mwenyewe. Usimlainishie.

Mama Pacha

Masikio ya Kidoa ni yangu. Na paji la uso.


19 Machi

Mama,

Leo sina mzaha.

Nilipomaliza kukusoma, nilikwenda uani. Alikuwa ameinama anachanganya rangi. Sikumpa simu kwanza. Nilisema tu, "Mkubwa." Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, lilinitoka. Aliinuka na kugeuka kabla hajafikiri, kama mtu yeyote anayeitwa kwa jina lake. Kisha akaona ni mimi niliyemwita. Kopo la rangi likamwagika miguuni mwake, na hakuna kati yetu aliyeliinua.

Akasoma. Aliposoma "nimesimama juu yake" akakaa palepale kwenye rangi.

Nakuandikia aliyosema, bila kulainisha. Siku ile alipata kazi ya kuandika kibao cha duka, kibao chake cha kwanza. Akampa Mdogo ovaroli na kitambulisho. Walikuwa wamezoea kufanya hivyo, mlinzi hakuwahi kujua, na nyumbani walikuwa wanacheka kwa siri. Mdogo alimwambia, "Nenda kaandike, kaka, leo mimi ndiye wewe." Aliona moshi akiwa juu ya ngazi. Alikimbia hadi kiwandani akakuta geti limezibwa na watu. Akarudi nyumbani, akafika nyuma ya ua, akakusikia unalia. Ulikuwa unalia, "Mkubwa wangu, Mkubwa wangu." Anasema mkono wake ulikuwa kwenye komeo la geti. Aliwaza kwamba akiingia utampata mmoja, na sekunde hiyohiyo utampoteza mwingine, tena kwa ajili ya kibao cha duka. Akaondoa mkono.

Alichukua jina la Mdogo ili angalau litajwe na watu kila siku. Na alijidanganya hivi, sikiliza vizuri mama: alidhani amekuachia mtoto mmoja wa kumngoja. Aliamini unasema, Mkubwa amekufa lakini Mdogo yuko mahali, iko siku atarudi. Hilo ndilo lililomwezesha kula chakula miaka yote hii. Hakuwahi kuwaza kwamba ulimkana. Nilipoyarudia kwa sauti yale uliyoyasema kaburini, aliziba masikio kama Kidoa anavyofanya radi ikipiga.

Mimi nina hasira. Naomba unielewe. Nimechora uso wa mtu huyu kila wiki, najua anavyokunja kidole cha mguu akisinzia, na jina lake nimelisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa msomaji. Nalala chumbani kwa Kidoa. Katuni nimeisimamisha, na wasomaji wananitukana, na ninaona wana haki.

Leo asubuhi niliamka nikakuta ngazi haipo. Nikasema amekimbia tena, hiyo ndiyo kazi yake. Nikatoka hadi njiani nikiwa na kanga ya kulalia. Alikuwa kwa jirani, anamrudishia ngazi aliyoazima, kwa sababu yake imevunjika kidato na hataki kuondoka akiwa na deni la mtu. "Kuondoka kwenda wapi?" nikamuuliza. Akasema, "Kwa mama. Kama atanifungulia. Kama hatanifungulia, nitakaa nje ya geti. Nilipazoea."

Hataki kuandika. Anasema akiandika atakuwa anatunga kisingizio. Ameniomba nikuulize swali moja tu: aje?

Wino Mbichi, mkweo


22 Machi

Mkwe wangu,

Jana nilikwenda makaburini. Muuguzi alitaka kunisindikiza, nikamwambia maneno ninayokwenda kuyasema hayahitaji shahidi, yale ya kwanza yalikuwa na mashahidi wa kutosha. Nilikaa kwenye saruji na sio kando yake. Nikamwambia Mdogo: una mama. Nikalisema tena, nikalisema hadi mtunza makaburi akaja kuuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia ndiyo, lipo, nililileta mwenyewe. Kisha nikamsimulia mwanangu mambo ya nyumbani aliyoyakosa kwa sababu nilikuwa simtembelei yeye, nilikuwa namtembelea kaka yake. Maua yote yale, mkwe wangu, yalifika mahali pake na jina lisilo lake.

Nyumbani nimerudisha picha ukutani. Kuta zimebaki na alama pale zilipokuwa, kwa hiyo kila moja ilijua pa kwenda.

Kuhusu hasira yako, kaa nayo. Usiimeze kwa ajili yangu. Na mimi ninayo, tena ya kwangu ina meno. Mwambie sijamsamehe. Alisimama nje ya geti akanisikia nalia jina lake, akaondoka. Hilo nitamuuliza ana kwa ana, na ataniambia akinitazama. Ila mwambie pia nilikuwa na watoto wawili, mmoja nilimkataa akiwa amekufa, na sitamkataa wa pili akiwa hai. Nimejifunza kwa bei mbaya.

Aje. Kuchelewa si dhambi, anajua hayo maneno yalikotoka. Njooni wote, na Kidoa aje aniletee masikio yangu niyaone. Kitanda chenu nimetandika, na wewe kama bado hutaki kulala naye, kipo changu, ni kipana.

Mtunza makaburi ameniambia anaweza kulibadilisha jina, ana fundi wake wa kuchapa, kazi ya mara moja. Nikamkatalia. Mwambie Mkubwa abebe brashi na rangi nyeusi isiyofutika kwa mvua. Ndugu yake alikwenda kazini kwa niaba yake, na sasa zamu imerudi kwake. Alifute jina lake pale, aandike la mwenzake, kwa mkono wa kushoto, aanze na herufi ya mwisho kama alivyozoea. Watu watakaopita watauliza ni nani huyo amelala hapo. Nitasimama palepale niliposimama siku ile, na nitawaambia wangoje, jina la mwanangu linakuja.

Mama wa Mkubwa na Mdogo